Ulipie Saraka ya Biashara Mtandaoni au Uache? Mwongozo Kamili kwa Wenye Tovuti

Lalamiko ni lilelile, hubadilika jina la mji tu. Mwenye tovuti amelipia saraka mbili tatu za mtandaoni, yaani tovuti zinazoorodhesha biashara na mawasiliano yake, ameahidiwa "kuonekana Google", mwaka umekatika, na hakuna mteja hata mmoja aliyepiga simu akasema amemwona huko. Halafu ankara ya mwaka wa pili inaingia.

Wengi hulipa kwanza, hukagua baadaye, na hawaweki njia yoyote ya kupima. Hapa tunageuza mpangilio huo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: saraka nyingi hazistahili shilingi yako, na chache zinastahili sana kwa sababu wanunuzi wa huduma yako wanapita humo kweli. Kazi yako ni kuzijua hizo chache kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni kampuni ndogo ya safari iliyoko Arusha. Mwenye gereji, nyumba ya wageni au duka la vipuri atafuata hatua hizihizi kwa namba zake mwenyewe.

## Vitu vya kuandaa

- Jina la biashara, anwani na namba ya simu, vikiwa vimeandikwa kwa namna moja kwenye faili moja. Kama ni "Co. Ltd" iwe hivyo kila mahali.
- Ruhusa ya kuingia Google Search Console (huonyesha tovuti yako inavyotokea kwenye utafutaji wa Google) na Google Analytics (huhesabu wageni wa tovuti na walikotoka) za tovuti yako. Zote mbili ni za bure. Kama fundi aliyekutengenezea tovuti ndiye anayezishika, mwombe akuongeze leo, maana bila hizo utakuwa unabahatisha.
- Kompyuta. Kuna ukaguzi hapa chini ambao kwenye simu ni usumbufu mtupu.
- Lahajedwali au daftari.
- Namba ya WhatsApp Business.
- Namba mbili kutoka kwenye hesabu zako: faida unayobaki nayo kwa mteja mmoja baada ya gharama zote, na kati ya watu kumi wanaoulizia, wangapi hulipa. Kama huzijui, kaa na kumbukumbu zako za miezi michache iliyopita kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 1: Amua unanunua nini

Chini ya jina la "saraka" zinauzwa bidhaa mbili tofauti. Ya kwanza ni wateja: mtu anaingia kwenye saraka kutafuta kampuni ya safari, anakuona, anabofya, anakuandikia. Ya pili ni kiungo (link) kinachoelekeza kwenye tovuti yako: hakuna anayetarajiwa kukibofya, ila muuzaji anadai Google ikikiona itakupandisha.

Bidhaa ya pili usiinunue. Kanuni za Google kuhusu hila za kupotosha matokeo ya utafutaji (spam) zinataja waziwazi ununuzi wa viungo kwa nia ya kupanda kwenye matokeo, na zinataja pia viungo vya saraka zisizo na ubora. Tangu Google ilipobadili mfumo wake wa kupanga matokeo kwa sasisho liitwalo Penguin, Aprili 2012, tovuti zilizojijengea jina kwa viungo vya namna hiyo zimekuwa zikishuka, au viungo vyenyewe vinapuuzwa tu. Vyovyote vile, pesa imekwenda.

Kulipia tangazo halali si kosa. Google yenyewe inakubali kwamba matangazo na udhamini ni sehemu ya biashara ya mtandaoni, mradi kiungo kilicholipiwa kiwekewe, ndani ya msimbo wa ukurasa, alama ya rel="sponsored" au rel="nofollow", inayoiambia Google isikichukulie kama sifa ya kupandisha tovuti.

Ukikutana na mtu anayekuambia "lipia saraka kubwa, Google inaziheshimu", mwulize ni ipi. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za Yahoo Directory, iliyotoza biashara dola 299 kwa mwaka. Ilifungwa mwishoni mwa 2014. DMOZ, iliyokuwa ya bure na yenye heshima kuliko zote, ilifungwa Machi 2017.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika sentensi moja kwenye daftari: "Nalipia ili watu wa aina fulani, wanaotafuta kitu fulani, wanipigie." Ikiwa sentensi yako inaishia na "ili nipande Google", ishia hapa, pesa yako ibaki kwako.

## Hatua ya 2: Maliza za bure kwanza

Hapa ndipo wengi huruka. Unamkuta mtu amelipia saraka ya ng'ambo, lakini ukiandika jina la biashara yake kwenye Google Maps unaletewa eneo la jirani yake.

Anza na Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara yako unaotokea kwenye Google na Google Maps. Ni bure, na kwa biashara yenye wateja wa eneo fulani hakuna saraka ya kulipia inayoikaribia. Google itataka uthibitisho. Siku hizi mara nyingi ni video: unarekodi mtaa, bango la biashara, na kitu kinachoonyesha wewe ndiye mwenye funguo, kwa mfano ukifungua mlango au droo ya fedha. Rekodi mchana, bila kukatisha.

Onyo moja: usijaze maneno ya matangazo kwenye jina. Kama bango lako linasema "Mlima Safaris", usiandike "Mlima Safaris Best Cheap Kilimanjaro Tours Arusha". Wasifu hufungiwa kwa hilo, na kuurudisha kunachosha. Na kama hufanyi kazi kwenye ofisi inayopokea wateja, ficha anwani na uweke maeneo unayohudumia.

Kisha Bing Places ya Microsoft na huduma ya Apple ya kuweka biashara kwenye ramani zake, zote bure. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayojazwa na watu wa kujitolea, nayo ni bure, na programu nyingi za ramani huchota taarifa zake humo. Kwa utalii, fungua ukurasa wa Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, ambao haudai ada ya kuorodheshwa, na kazi yako hapo ni kupata maoni ya wageni wa kweli.

Halafu angalia chama cha fani yako. Wanachama wa TATO Tanzania na wa KATO Kenya, vyama vya kampuni za safari, huorodheshwa kwenye tovuti za vyama hivyo, na wageni hupita humo kuhakikisha kampuni ipo kweli kabla ya kutuma malipo ya awali. Uanachama una ada, lakini unanunua mengi zaidi ya kiungo, na kama tayari ni mwanachama basi hilo ni tangazo ulilokwisha kulilipia. Kagua namba yako ya simu humo. Utashangaa wangapi wana namba ya zamani.

Utajua umemaliza ukiandika jina la biashara na mji kwenye Google na kuona wasifu wako ukiwa na simu sahihi, saa za kazi na picha zako mwenyewe. Ipe muda hatua hii, wiki chache hivi. Baadhi yenu hamtahitaji hatua ya tatu.

## Hatua ya 3: Tafuta kama mteja wako anavyotafuta

Fungua kivinjari katika hali ya faragha, ili historia yako isipotoshe matokeo. Andika maneno kumi hivi ambayo mteja angeandika, wala si yale unayoyapenda wewe. Mgeni wa Ujerumani haandiki "kampuni bora ya utalii Tanzania". Anaandika, kwa lugha yake, bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Mwenye gari Mwanza anaandika "fundi AC ya gari Mwanza".

Kwa kila utafutaji, andika saraka zinazotokea ukurasa wa kwanza. Saraka ikitokea mara nyingi, ina watu. Isipotokea hata mara moja, jiulize wateja wake wanaingilia mlango gani.

Angalizo: usitafute jina la saraka yenyewe. Hiyo ndiyo janja ya wauzaji. Wanakuonyesha kwamba ukiandika jina lao wanatokea namba moja. Kila mtu hutokea namba moja kwa jina lake. Na kama wateja wako wako Ulaya, mwombe jamaa aliyeko huko akutafutie, kwa sababu matokeo ya Arusha na ya Hamburg hayafanani.

Mwishoni unatakiwa uwe na orodha fupi ya saraka mbili, tatu, au hakuna. "Hakuna" ni jibu halali.

## Hatua ya 4: Ikague saraka kwa ndani

Tenga nusu siku. Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote.

Hesabu walio hai. Chukua biashara ishirini za fani yako ndani ya saraka, fungua tovuti zao moja baada ya nyingine. Kama nusu hazifunguki, au zinafungua ukurasa wa kamari, hakuna mtu anayetunza saraka hiyo isipokuwa idara ya kukusanya ada.

Angalia kama Google inaisoma. Andika site: ikifuatiwa na anwani ya saraka, kisha neno la fani na mji, kwa mfano "gereji Nakuru". Kurasa zisipotokea, wateja hawatazipata kwa kutafuta.

Tazama kiungo kilivyoandikwa. Fungua ukurasa wa biashara yoyote ndani ya saraka, bonyeza Ctrl na U kupata msimbo wa ukurasa, kisha Ctrl na F utafute anwani ya tovuti ya biashara hiyo. Utakutana na mojawapo ya haya:

- `<a href="https://tovutiyao.co.tz" rel="sponsored">` au nofollow. Saraka hii inacheza kwa kanuni. Isikukatishe tamaa, mteja anabofya vilevile.
- `<a href="https://tovutiyao.co.tz">` bila alama, na muuzaji anakusifia hicho kwamba ndicho kinachokupandisha. Anakuuzia ile bidhaa ya pili ya hatua ya 1.
- `<a href="/go?id=4431">`. Kiungo kinapitia kwao kwanza. Si kosa, kwani huenda ndivyo wanavyohesabu mibofyo. Basi waombe hesabu hiyo.
- Huioni anwani kabisa, au ipo kama maandishi tu yasiyobofyeka. Nimeona saraka za kulipia za namna hii, na wenye biashara hawakuwa na habari.

Piga simu. Chagua biashara nne au tano ndani ya saraka hiyo, za fani yako lakini za mji mwingine, ili usionekane mshindani. Sema wazi: "Habari za kazi, dada. Nimeona biashara yako kwenye saraka fulani, nami nafikiria kujiunga. Inakuletea wateja?" Watu hujibu kwa ukweli kuliko unavyodhani. Jibu baya kuliko "hailipi" ni lile la "saraka gani hiyo?"

Uliza muuzaji maswali matatu kwa maandishi: mwaka jana biashara za fani yangu zilipata mibofyo mingapi kwa wastani? Maulizo yanatumwa kwangu peke yangu au kwa kampuni tano kwa pamoja? Naweza kujaribu miezi mitatu? Anayejibu kwa namba, hata ndogo, mpe nafasi. Anayejibu kwa "tuna mamilioni ya wageni duniani kote" hajajibu.

## Hatua ya 5: Piga hesabu

Tuseme ada ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Kampuni yetu ya Arusha inabaki na 400,000 kwa kundi moja la wageni baada ya kulipa ada za hifadhi, mafuta, mwongozaji na mpishi. Kati ya wanaoulizia kumi, mmoja hulipa.

Kila ulizo basi lina thamani ya 40,000. Gawa 300,000 kwa 40,000: unahitaji maulizo 8 ya kweli kwa mwaka ili urudishe ada tu. Ikiwa kwenye tovuti yako mgeni mmoja kati ya 25 ndiye anayeandika, saraka inapaswa kukuletea wageni 200. Kwa saraka inayotokea ukurasa wa kwanza wa Google kwa maneno ya Kilimanjaro, hilo linawezekana.

Sasa mpe ada hiyohiyo mwenye gereji anayebaki na 15,000 kwa kazi, na nusu ya wanaopiga simu huja. Simu moja ina thamani ya 7,500. Anahitaji simu 40 kutoka saraka moja. Kwake Google Maps ya bure na bango zuri barabarani vinatosha, na ningemshauri 300,000 zake azipeleke kwenye vifaa.

Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa fani nyingine haukufai hapa. Saraka inayomlipa mwenye mahema ya kifahari inaweza kumfilisi muuza maua.

Ongeza na muda wako. Maulizo yanayotumwa kwa kampuni tano kwa pamoja yanataka jibu ndani ya saa chache, na mara nyingi hushinda mwenye bei ya chini. Kama huna mtu wa kukaa kwenye barua pepe, punguza makadirio ya wanaolipa kabla hujagawanya.

Lenga angalau mara mbili ya ada. Hesabu ikionyesha utarudisha ada tu, umefanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya saraka.

## Hatua ya 6: Soma mkataba kabla ya kusaini au kulipa

Kuna utapeli wa zamani ambao bado unafanya kazi. Unapokea fomu yenye jina na anwani yako tayari, imeandikwa "tafadhali sahihisha taarifa zako", na neno "bure" linaonekana karibu. Unasahihisha namba ya simu, unasaini, unarudisha. Kwa herufi ndogo chini imeandikwa kwamba sahihi yako ni oda ya tangazo la miaka mitatu.

Ulaya tatizo hili lilikua hadi Bunge la Ulaya likapitisha azimio juu yake tarehe 16 Desemba 2008, baada ya kupokea malalamiko ya wenye biashara zaidi ya 400. Mikataba hiyo ilidai kama euro 1,000 kwa mwaka. Wanaolengwa sana ni washiriki wa maonyesho ya biashara, kwa kuwa majina yao huchapishwa, kwa hiyo kama kampuni yako inakwenda maonyesho ya utalii Berlin au London, waonye wahudumu wa ofisi: wasisaini chochote cha "kusahihisha taarifa".

Ndugu wa utapeli huo ni barua pepe inayofanana na ankara ya domeni (jina la anwani ya tovuti yako, kama tovutiyako.co.tz). Ina jina la domeni yako, tarehe ya mwisho na kiasi cha kulipa kwa dola. Ukisoma vizuri, ni ofa ya kuorodheshwa kwenye saraka usiyoijua. Domeni hulipiwa kwa msajili uliyeinunua kwake, basi. Ingia kwenye akaunti yako huko uangalie tarehe.

Kwa saraka halali, hakikisha haya kabla ya kutoa pesa:

- Je, mkataba unajihuisha wenyewe? Kama ndiyo, weka ukumbusho kwenye simu wiki tano kabla ya tarehe.
- Jina litakalotokea kwenye M-Pesa au kwenye benki ni la kampuni, au ni la mtu binafsi?
- Kwa malipo ya kadi, tumia kadi yenye salio la kiasi hicho tu.
- Ukiacha kulipa, ukurasa wako unafutwa, au unabaki na namba yako ya zamani?

Piga picha ya skrini ya ahadi zote, pamoja na bei. Kurasa za bei hubadilika.

## Hatua ya 7: Weka alama kabla tangazo halijapanda

Bila alama, mwisho wa mwaka utarudi kwenye "nadhani ilisaidia kidogo".

Unapojaza tangazo lako kwenye saraka, sehemu ya tovuti usiweke anwani tupu; ongeza alama mwishoni ili Analytics ikuonyeshe mgeni katoka wapi. Weka hivi:

`https://tovutiyako.co.tz/?utm_source=saraka-a&utm_medium=referral`

Badili "saraka-a" kwa jina la saraka husika, kwa herufi ndogo siku zote, maana Analytics huona "Saraka" na "saraka" kuwa vitu viwili. Neno referral liache lilivyo. Ukibuni lako, wageni hao wataangukia kwenye fungu la wasiojulikana.

Wateja wengi wa kwetu hawajazi fomu, wanakwenda WhatsApp. Kama saraka inaruhusu kiungo cha pili, tumia hiki:

`https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20nimewaona%20Saraka%20A`

Mteja akibofya, ujumbe unakuja ukiwa umeshaandikwa, na unajua katoka wapi bila kumhoji. Kwa wanaopiga simu, aliyeko mapokezi aulize swali moja, "umetupataje?", na aandike jibu hapohapo kwenye daftari.

Jaribu mwenyewe siku tangazo linapopanda: bofya kutoka kwenye saraka, kisha fungua ripoti ya papo kwa papo ya Analytics. Ukijiona na jina la saraka, umefaulu. Baadhi ya saraka hukata kila kitu baada ya alama ya kuuliza. Ikitokea hivyo, tengeneza anwani fupi kwenye tovuti yako, mfano /karibu-a, inayoelekeza kwenye anwani yenye alama.

## Hatua ya 8: Pima, kisha amua

Angalia mara moja kwa mwezi, lakini usihukumu kabla ya msimu wako kupita. Saraka ya safari iliyolipiwa Machi haiwezi kuhukumiwa Mei, mvua za masika zikiwa juu na kambi nyingine zimefungwa. Subiri Julai na Agosti zipite.

Andika safu nne: wageni, maulizo, waliolipa, faida. Wageni wengi wasio na maulizo maana yake ama saraka inaleta watu wasio wako, ama ukurasa wanaotua ni mbaya. Angalia muda wanaokaa. Wakiondoka ndani ya sekunde chache wote, na wengi ni wa nchi usikouza kitu, hao huenda ni roboti. Maulizo yakiwa mengi lakini wanaolipa hakuna, tazama kasi yako ya kujibu na bei kabla ya kulaumu saraka.

Ikivuka lengo la hatua ya 5, huisha, na omba punguzo. Hutolewa zaidi ya unavyodhani ukionyesha kwamba uko tayari kuondoka. Ikiwa chini, sitisha kwa maandishi na uhifadhi jibu.

Muuzaji atakwambia ukiondoka utashuka Google. Ikiwa kiungo kilikuwa na alama ya sponsored au nofollow, hakikuwa cha kukupandisha, kwa hiyo hakuna pa kushuka.

## Kama tayari umelipia kifurushi cha viungo kwenye "saraka 500 kwa dola 50"

Usihangaike kuziandikia moja moja, na usimlipe mtu mwingine "kuzisafisha". Fungua Search Console, nenda kwenye ukurasa wa hatua zilizochukuliwa na wakaguzi wa Google dhidi ya tovuti yako (Manual actions). Ukurasa huo ukiwa hauna onyo, usiguse chochote. Viungo vya namna hiyo Google huvipuuza vingi vyenyewe. Ukikuta onyo la viungo visivyo vya asili, hapo ndipo unapoomba vifutwe, unaorodhesha vilivyobaki kwenye zana ya Google ya kukana viungo (disavow), na kutuma ombi la kuangaliwa upya ukieleza ulichofanya. Zana hiyo usiiguse kwa kujaribu tu, maana ukikana viungo vizuri kwa bahati mbaya utajishusha mwenyewe.